Bruchi nyeusi ya Kijapani: dhahabu iliyovaa buibui

#1 Mswahili_wa_Mvua

Wakuu habari za humu. Shikamooni wakubwa.

Naandika kwa aibu kidogo, lakini huenda kuna mwenzangu ana kitu kama hiki kabatini na kesho anapanga kukisugua.

Nipo Uingereza, karibu na Birmingham. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na Jumapili nisipokuwa na zamu naenda kwenye gulio la mitumba, lile ambalo watu wanafungua buti za magari na kumwaga makorokoro ya nyumbani juu ya meza. Mwezi wa tatu nilinunua bakuli zima la vikorokoro kwa pauni 6: cheni zilizokatika, hereni zisizo na wenzake, vifungo, saa mbili zilizokufa. Chini kabisa kulikuwa na bruchi, ile pini ya kubania shali kifuani ambayo mabibi wa huku wanaipenda sana.

Ya mviringo, imezidi kidogo sarafu ya shilingi 200, nyeusi, imezungushiwa fremu ya rangi ya dhahabu. Kwenye ule weusi kuna duara dogo lililofubaa, ndege watatu, na majani marefu kama matete. Nikajisemea, hii imekaa vibaya miaka mingi, ngoja niirudishie uhai.

Bibi yangu Tanga alikuwa na masinia ya shaba, na kila kabla ya Idi kazi yetu wajukuu ilikuwa kuyasugua kwa ukwaju na chumvi mpaka unajiona meno. Basi nikaloweka ukwaju. Nikapaka upande wa chini, nikasugua kwa kitambaa. Haikufika hata dakika mbili. Ule weusi ukatoka, chini yake pakatokea rangi ya waridi, kama ngozi mpya baada ya kidonda kubanduka gamba. Mkono ukasita wenyewe. Niliangalia juu, lile duara dogo nikaliona vizuri kwa mara ya kwanza: ni mwezi. Ndege wanaruka usiku kupita juu ya ziwa. Na ule weusi niliokuwa nautoa haukuwa uchafu. Ulikuwa usiku wenyewe.

Toka siku hiyo nimesoma, nimeuliza, nimekwenda makumbusho mara mbili. Nitashusha kidogo kidogo, niko kwenye mapumziko ya zamu.

#2 Dogo_Tandale

Nimekaa pale. Picha tafadhali.

#3 BibiTumbatu

Ukwaju hauna kosa, mwanangu. Kosa ni kusugua usichokijua.

#4 SonaraMkunazini

Salaam. Mimi ni sonara, mwaka wa thelathini na kitu huu. Umesema nyeusi halafu chini ya waridi. Hiyo ni shaba nyekundu tu iliyopakwa dawa ikawa nyeusi. Fremu ndiyo mali, itazame ina muhuri gani. Hiyo sahani ya kati isikuumize kichwa.

#5 Mswahili_wa_Mvua

Mzee Sonara shikamoo. Hata mimi ndivyo nilivyodhani, kumbe sivyo. Ngoja niwaeleze nilichokipata.

Hiyo sahani ya kati inaitwa shakudo. Ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na dhahabu kidogo, mara nyingi asilimia 2 mpaka 7 hivi. Ikitoka kwenye kalibu haina tofauti kubwa na shaba ya kawaida, ukiiweka sokoni hakuna atakayegeuka. Ila ikichemshwa kwenye dawa yake, inageuka nyeusi yenye ubuluu na uzambarau kwa mbali. Chukua shaba tupu uichemshe kwenye chungu hichohicho, inatoka hudhurungi nyekundu. Kwa hiyo kinacholeta weusi ni ile dhahabu. Juu ya metali linajijenga tabaka la oksidi ya shaba, jembamba mno, mikroni chache tu, na ndani yake mna chembe ndogo sana za dhahabu. Ndizo zinazobadilisha mwanga unavyorudi kwenye jicho.

Si rangi ya kupakwa, mzee. Imeota kutoka kwenye metali yenyewe. Ni dhahabu iliyovaa buibui.

Wajapani wenyewe wana jina lingine la shakudo linalomaanisha dhahabu ya kunguru, na weusi mzuri wanaufananisha na bawa la kunguru lililolowa. Nilivyosoma hivyo nikakumbuka kunguru wetu wa Dar, kichwa cheusi, shingo ya kijivu. Kumbe kijivu nacho kina metali yake: shibuichi, mchanganyiko wa shaba na fedha. Jina lenyewe maana yake ni robo, yaani sehemu moja ya fedha kwa nne, ingawa mafundi walizidisha na kupunguza kila mtu kwa siri yake. Inatoka kijivu cha mawingu, nyingine inaelekea kwenye rangi ya zeituni.

Kwenye bruchi yangu sahani ni shakudo, mwezi ni fedha, ndege mmoja dhahabu, mmoja fedha, mmoja shaba nyekundu. Metali tatu zimepachikwa juu ya metali ya nne. Na ndege wenyewe ni mabata bukini, picha inayopendwa sana Japani: bukini, matete na mwezi wa vuli.

#6 SonaraMkunazini

Marahaba mwanangu. Lakini subiri kwanza.

Sisi tunatia shaba kwenye dhahabu ili dhahabu iwe ngumu, isipinde. Hawa unasema wanatia dhahabu kwenye shaba, halafu wanaigeuza nyeusi isionekane? Sonara gani anazika dhahabu? Hao wameivaa kanzu ndani nje.

#7 Dogo_Tandale

Wakuu kwa hiyo ndani kuna dhahabu? Si tuyeyushe tu tugawane 😂

#8 Mswahili_wa_Mvua

Dogo piga hesabu. Sahani kama yangu tuseme ina gramu 20. Asilimia 4 ni gramu 0.8. Umeua kazi ya mtu ya wiki kadhaa upate dhahabu ya kutengeneza kipini cha pua.

Mzee Sonara, swali lako ndilo lililoninyima usingizi. Jibu niliona limejificha kwenye panga.

Japani, kwa karne nyingi, watu karibu hawakuvaa vito kama tunavyovijua sisi. Hakuna pete, hakuna hereni, hakuna mikufu. Mwanamke alijipamba kwa vibanio vya nywele. Mwanamume wa heshima, yule samurai, pambo lake lilikuwa upanga. Sio ubapa peke yake, bali vile viungo vyake: tsuba, ile sahani ya kukinga mkono; menuki, vipambo viwili vidogo vinavyofungwa kwenye mpini; kozuka, mpini wa kisu kidogo kinachochomekwa ubavuni mwa ala. Fikirieni jambia la Muomani, fedha yote iko kwenye mpini na ala, mtu anasoma ukoo wako kiunoni kabla hujafungua mdomo.

Na kwenye baraza la shogun, yule mtawala wa kijeshi wa Japani, kung'aa kupita kiasi hakukuwa adabu. Ukoo wa Goto, ambao babu yao Goto Yujo alianza kuwafanyia kazi watawala kwenye karne ya 15, ndio walioifanya shakudo kuwa vazi rasmi la upanga. Kazi ikarithishwa vizazi 17. Ukoo huohuo ndio uliopewa pia kazi ya kutengeneza sarafu kubwa za dhahabu za serikali. Yaani dhahabu tupu walikuwa nayo tele mikononi, na bado kwa mabwana wakubwa walichagua nyeusi.

Weusi wenyewe hawakuuacha mtupu. Kuna namna inaitwa nanako, maana yake mayai ya samaki. Fundi anashika kipigio chenye ncha yenye kishimo, anagonga tone moja, anasogea, anagonga lingine, mpaka sahani nzima imejaa vitone vilivyopangwa mstari kwa mstari. Nimezitazama kwa lenzi pale Makumbusho ya Victoria and Albert, London. Nilitafuta tone lililokosea njia, nikakata tamaa.

#9 mama kayai

Sasa kama hawakuvaa vito, bruchi imetoka wapi? Naona kama hadithi inajikanyaga.

#10 Mswahili_wa_Mvua

Haijikanyagi dada, ndiyo inaanza.

Mwaka 1868 utawala wa shogun ukaanguka, ikaanza enzi ya Meiji. Tarehe 28 Machi 1876 ikatoka amri: marufuku kutembea na upanga hadharani, isipokuwa wanajeshi, polisi, na maofisa kwenye shughuli rasmi. Mwaka huohuo posho za samurai zikafutwa, wakapewa hati za dhamana badala yake. Jiwekeni kwenye nafasi ya fundi. Umejifunza tangu utoto kugonga mayai ya samaki, baba yako alifanya hivyo na babu yako, halafu serikali inafuta mteja wako na kifaa chako kwa mpigo.

Wengi waliacha. Wachache wakaangalia bandarini. Wazungu na Wamarekani walikuwa wanakuja na pesa, na maonyesho makubwa ya dunia, Vienna 1873, Philadelphia 1876, Paris 1878, yaliwatia wazimu wa vitu vya Japani. Basi mikono ileile iliyokuwa inafanya tsuba ikaanza kufanya vyombo vya maua, vikasha, bizimu za mikanda, vifungo vya mikono ya shati, na vile visahani vidogo vya shakudo vyenye bukini, mianzi, Mlima Fuji, vilivyouzwa vitupu kisha masonara wa Ulaya na Marekani wakavitilia fremu. Vingine havikutengenezwa upya kabisa: menuki za upanga zilibanduliwa mpinini zikawa bruchi, na kozuka zikatiwa visu vya matunda vya mezani. Kitu kilichokuwa ubavuni mwa upanga kikaishia kumenya tofaa kwenye sebule ya Kiingereza.

Hata waliobaki kileleni walihama. Kano Natsuo, mzaliwa wa Kyoto mwaka 1828, alikuwa fundi wa viungo vya upanga. Serikali mpya ilipotaka sarafu mpya za yen, ndiye aliyepewa kazi ya kuzichora. Akafa mwaka 1898 akiwa profesa wa sanaa Tokyo.

#11 Kyoto_Mmatumbi

Nimeusoma uzi wote, nimeshindwa kukaa kimya. Nilisoma Kyoto miaka sita kwa ufadhili, na mke wa profesa wangu ana jamaa mwenye karakana ya metali. Nilipelekwa siku moja kama mgeni, nikawa naenda hata bila kuitwa.

Mzee Sonara, nikusimulie kuyeyusha kwanza, maana utashtuka. Hawamimini kwenye kalibu ya chuma. Namna ya jadi ni turubai. Wanalitandika kwenye beseni la maji ya moto, liwe na bonde la umbo wanalotaka, halafu shaba iliyoyeyuka inamiminwa humo, ndani ya maji.

#12 SonaraMkunazini

Maji! Wataka kuniua. Shaba ya moto na maji si italipuka?

#13 Kyoto_Mmatumbi

Ndiyo maana maji ni ya moto tayari, na mmiminaji ana umri wa baba yako. Inanguruma kidogo, inatulia, na uso wake unatoka laini kuliko ungetoka kwenye kalibu.

Sasa kupika rangi. Kazi yenyewe wanaiita niiro. Sufuria ni ya shaba. Ndani mna maji, mna rokusho, ambayo ni kutu ya kijani ya shaba iliyotengenezwa makusudi, na mna mrututu. Ndiyo, mrututu huuhuu ambao mafundi wetu wanaujua. Kitu kinasafishwa kwanza kwa unga wa mkaa na majivu mpaka hakina hata alama ya kidole. Mafuta ya kidole yakibaki, yataonekana milele.

Halafu ikaja sehemu iliyonifanya nicheke kwa sauti, wakaniangalia vibaya. Babu mmoja amekaa pembeni anakuna figili. Ile nyeupe ndefu. Nikadhani chakula cha mchana kinaandaliwa. Kumbe pambo linachovywa kwenye figili iliyokunwa kabla ya kuingizwa kwenye dawa inayochemka, ili lisichafuke kwa hewa njiani na rangi ikamate sawasawa. Karakana nzima inanuka kachumbari.

Kinachemka huku kinatikiswa, nusu saa, wakati mwingine zaidi. Na hapa ndipo sanaa ilipo: kitu kizima kinaingia sufuria moja, dawa moja. Kina shakudo, kina shibuichi, kina shaba, kina fedha, kina dhahabu. Kinapotoka, kila metali imevaa nguo yake. Dhahabu imekataa kubadilika, fedha imebaki nyeupe, shaba imekuwa nyekundu ya matofali, shibuichi kijivu, shakudo usiku. Hakuna aliyepaka kitu kwa brashi. Fundi alikwishachora picha yote kabla, wakati shaba, shakudo na shibuichi bado anaziona karibu rangi moja, ya shaba shaba.

#14 BibiTumbatu

Subhanallah. Figili.

#15 Dogo_Tandale

Kwa hiyo hizi picha walizipachikaje? Gundi?

#16 Kyoto_Mmatumbi

Hakuna gundi, dogo. Ni njumu, kama zile za fedha kwenye masanduku ya mababu, ila hapa ni metali kwenye metali. Unachimba kishimo kwa tindo, unakitanua kwa chini kiwe kipana kuliko mdomo wake, unaweka kipande cha dhahabu, unagonga. Dhahabu inatanuka inajaza chini, haitoki tena. Kuna njumu zinazolala sawa na uso wa sahani, na kuna zinazoinuka kama sanamu ndogo, hizo ndizo ngumu.

Kyoto ina njumu nyingine tofauti kabisa, inaitwa nunome, kitambaa. Ile inafanywa juu ya chuma. Chuma kinachanjwa mistari membamba sana kwa tindo, kulia, kushoto, kukingama, mpaka uso unakuwa kama kitambaa kilichofumwa. Halafu karatasi nyembamba ya dhahabu inalazwa juu na kugongwa, vile vijino vinaikamata. Chuma kinaachwa kishike kutu kwa makusudi, kisha kutu inasimamishwa kwa kukichemsha kwenye chai. Nimekiona kwa macho yangu, chuma kwenye chai ya kijani. Mwisho kinapakwa utomvu wa mti unaoitwa urushi na kung'arishwa. Familia ya Komai ndiyo iliyopata jina sana kwa kazi hiyo enzi ya Meiji.

Ndiyo maana mtu akiwa na bruchi nyeusi yenye dhahabu, swali la kwanza ni sumaku. Ikishika, ni chuma, huenda ni kazi ya nunome. Isiposhika, endelea kutazama, huenda ni shakudo.

#17 Mswahili_wa_Mvua

Asante kaka, hiyo ya sumaku nimeifanya. Haikushika.

Niongeze mambo ya kutambua umri, maana nimeulizwa PM na watu wanne. Hizo za nunome zilizoletwa kama zawadi za watalii zipo kwa wingi sana, nyingi ni za karne ya 20. Zikiwa na maandishi ya kuonyesha zimetengenezwa Japani iliyokaliwa na majeshi, ni kati ya 1945 na 1952. Sheria ya Marekani ilianza kudai jina la nchi kwenye bidhaa mwaka 1891, na Wajapani wakawa wanaandika Nippon mpaka 1921 hivi, baadaye Japan. Lakini kukosa maandishi si ushahidi wa uzee, kilichouzwa Ulaya hakikulazimika kuwa nayo.

Yangu iliniambia umri wake kwa nyuma. Pini yake ni ndefu, inapita ukingo wa fremu, na inashikwa na kindoano cha kawaida kisicho na kifuli. Hiyo ni namna ya karne ya 19. Chini ya pini, kwa lenzi, kuna herufi ndogo mno: 15CT. Mzee Sonara, hapo ulisema kweli, fremu ni dhahabu. Kiwango cha karati 15 kiliruhusiwa Uingereza mwaka 1854 na kufutwa 1932. Kwa hiyo sahani ilitoka Japani, fremu ikatengenezwa huku, pengine kilomita chache kutoka kitandani kwangu, maana Birmingham ndiko kwenye mtaa wa masonara.

#18 mama kayai

Na Wazungu hawakuiga? Hao hawaachi kitu.

#19 Mswahili_wa_Mvua

Waliiga haswa. Marekani, kampuni ya Tiffany chini ya msanifu wake Edward C. Moore ilitengeneza vyombo vya fedha vilivyopachikwa shaba na metali nyingine kwa mtindo wa Kijapani, wakapata tuzo kuu kwenye maonyesho ya Paris 1878. Msanifu Mwingereza Christopher Dresser alikwenda Japani mwaka 1876 akarudi 1877, na akiwa huko alikuwa anawanunulia vitu Tiffany.

Huku Uingereza kulikuwa na kikwazo cha kuchekesha. Sheria ya kupiga muhuri fedha haikukubali uchanganye fedha halali na metali duni. Mafundi wa Birmingham wakawa wanaweka dhahabu ya njano, nyekundu na ya kijani juu ya fedha, wakachora vipepeo na mianzi, wakaishia hapo. Ukiona bruchi ya fedha ya Kiingereza yenye mwanzi wa dhahabu ya rangi mbili, ujue ni mtu aliyeona shakudo akatamani, sheria ikamshika mkono. Ninazipenda, lakini ukiweka pembeni ya kazi ya Kijapani zinaonekana kama mtu anayeimba wimbo kwa lugha asiyoijua.

Wanasayansi nao hawakubaki nyuma. William Gowland, Mwingereza, alifanya kazi kwenye kiwanda cha sarafu Osaka kutoka 1872 mpaka 1888 akaandika sana juu ya metali za Wajapani. 

#20 SonaraMkunazini

Nimerudi. Nilikwenda kuswali, nikakaa nikafikiri.

Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka mingi nyuma alikuja mgeni mmoja, mama wa Kizungu mtu mzima, na jozi ya vifungo vya mikono vyeusi vyenye maua ya dhahabu. Kipini cha nyuma cha kimoja kimevunjika, akaniomba nikilehemu. Kazi ya dakika kumi. Nikakipasha moto kama ninavyopasha kila kitu, nikalehemu, nikakitia kwenye asidi kusafisha, nikakipitisha kwenye mashine ya kung'arishia. Kikatoka kimeng'aa, chekundu, maua yake ya njano juu. Nikafurahi. Nilidhani nimempa zawadi.

Yule mama alivyokipokea alikitazama, akakiweka kando ya mwenzake mweusi, hakusema kitu. Alilipa. Hakunikaripia hata kidogo. Nilimwona jicho likijaa maji nikadhani ni vumbi la duka.

Leo ndiyo nimejua nilifanya nini.

#21 BibiTumbatu

Mungu akusamehe, baba. Hukujua.

#22 Kyoto_Mmatumbi

Mzee, usijilaumu peke yako, hata huko Ulaya masonara wengi wamefanya hivyohivyo. Kwa wanaosoma: shakudo haitaki moto, haitaki asidi, haitaki dawa ya kung'arishia shaba wala fedha, haitaki dawa ya meno. Ikivunjika pini, fundi aitoe sahani kwenye fremu kwanza, alehemu fremu peke yake, arudishe. Asiyeweza kuitoa akurudishie. Vumbi linatolewa kwa brashi laini au kitambaa cha pamba kikavu, basi.

#23 Dogo_Tandale

Na hiyo ya dada ilishakwisha ama inapona? Apelekwe Kyoto akachemshwe na figili.

#24 Mswahili_wa_Mvua

Nilimuuliza mtu wa makumbusho swali hilohilo. Kuipika upya inawezekana, lakini ili rangi ikae sawa lazima uitoe yote, uing'arishe mpaka shaba, uanze mwanzo. Maana yake unafuta na ile sehemu ambayo fundi wa Meiji aliipika mwenyewe. Sikukubali. Robo tatu ya usiku wake bado ni wake.

Akaniambia kitu kingine ambacho wakusanyaji wanakijua: shakudo iliyochubuka hujirudisha yenyewe polepole, kwa kushikwashikwa na mikono, hewa na muda. Ni ile dhahabu ya ndani bado inafanya kazi. Basi naivaa. Kila nikienda kazini iko kwenye koti, na nikiwa kwenye basi nakuta kidole gumba kimeshatulia kwenye ile kona.

Mabibi ninaowahudumia wanaigundua kabla ya kitu kingine chochote. Mmoja ana miaka 91, macho yamefifia, aliishika akaipapasa akahesabu ndege kwa ncha ya kidole: mmoja, wawili, watatu. Mwezi hakuuhisi kwa sababu umelala sawa na sahani.

#25 SonaraMkunazini

Fanya hivi mwanangu. Piga picha ya ile kona leo, mwisho wa kila mwezi piga nyingine, dirisha hilohilo, saa hiyohiyo. Uweke hapa. Nataka kuona.

#26 Mswahili_wa_Mvua

Muendelezo wakuu, samahani kwa kimya, zamu zimenibana. Mzee Sonara, hii ni picha ya sita.

Mwezi wa nne ilikuwa waridi. Wa sita ikawa kama ganda la karanga. Sasa hivi ni rangi ya kahawa, na ukiinamisha kuelekea dirishani unaona ukingo wake umeanza kuingia buluu, upande ulioungana na weusi wa zamani. Bado mpaka unaonekana. Ukiitazama haraka utadhani ni wingu.

#27 SonaraMkunazini

Nimeona. Nimemuonyesha mwanangu dukani, nimemwambia kikija cheusi aniite kwanza.

#28 Dogo_Tandale

Dada kwani vile vingine vya kwenye bakuli ulivifanyaje?

#29 Mswahili_wa_Mvua

Nimevisugua vyote kwa ukwaju. Vimeng'aa mpaka unajiona meno.